Kaka, Figo Yako Haijanikataa

Wodi ya Upasuaji,
Kitanda cha 6, upande wa dirishani.
9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama, ambaye ameketi hapa kando ya kitanda anamenya chungwa lake na kuchungulia ninachoandika. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kidonda chako kinaendeleaje, bado kinavuta ukiinama? Na huko kiwandani wamekurudisha kwenye kuchomelea, au bado wamekuweka kwenye kiti unahesabu vyuma? Kama wamekuweka kwenye kiti, kaa hapo hapo, usijitie ushujaa wa kubeba mizigo.

Haya, nimesalimia. Mama ndiye aliyenilazimisha nianze na salamu, maana mimi ningeanza na namba. Sikia sasa: kreatinini yangu ya jana ni 109. Mia moja na tisa, Kaka! Nimeiandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya nesi na sijanawa tangu jana.

Najua umeshaona hapo juu nimeandika wodi, na moyo umeanza kukudunda. Keti kwanza. Ndiyo, nimelazwa, leo ni siku ya kumi na mbili. Ndiyo, nimepasuliwa tena. Ndiyo, tulikuficha. Na ndiyo, figo yako inachapa kazi ndani yangu kama mtu aliyeajiriwa jana, na keshokutwa narudi nyumbani. Nimekupa mwisho kwanza ili usome yaliyobaki bila kushika kifua.

Yalianza hivi. Wewe uliondoka wiki ya sita tangu tupasuliwe. Wiki ya saba, mimi nikaanza kunenepa. Unajua vile vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo vinavyoleta njaa. Nilikuwa nakula, namaliza, naangalia sahani ya Mama. Miaka mitatu ya mashine ya kusafisha damu ilinikausha mpaka mkaniita Sindano, kwa hiyo gauni langu la bluu lilipoanza kunibana nilifurahi kama mtoto. Nikachukua wembe, nikafumua mshono wa upande wa kulia, nikaachia inchi moja.

Siku tano hazijaisha, likabana tena. Nikafumua tena. Mara ya tatu kitambaa cha kuachia kilikuwa kimekwisha, nikaunga kipande kipya kutoka kwapani hadi nyonga. Upande wa kulia, Kaka. Upande wa kulia peke yake! Wa kushoto haukubana hata kidogo. Mimi, fundi wa miaka ishirini na mbili, ninayemwona mteja anaingia mlangoni nikajua bega lake moja limeshuka, nilijishonea gauni la mtu mwenye tumbo la upande mmoja, na nilikuwa naimba huku nakanyaga cherehani. Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi nilipitiliza.

Mguu wa kulia nao ukavimba, kiatu hakiingii. Nikausingizia ule mguu kwamba ndio unaokanyaga pedali. Mama yeye alifurahi kuliko mimi. Kila mteja aliyeingia alionyeshwa tumbo langu: "Mwangalieni, anashiba siku hizi!" Mteja mmoja akasema nimependeza, nikampunguzia bei ya sketi.

Sasa pale kliniki kuna nesi tunayemwita Sista Saa, kwa sababu kabla hujamsalimia ameshakuuliza dawa umemeza saa ngapi. Ukimwambia saa mbili na robo badala ya saa mbili kamili, anakutazama kama umeiba. Siku hiyo alinipima uzito, akaandika, kisha akaliangalia gauni langu.

"Fundi, hebu geuka," akasema.

Nikageuka kwa maringo. Nilidhani anataka nimshonee la aina hiyo.

"Hiki kipande umeongeza huku tu?"

"Ndiyo, Sista. Nimenenepa."

"Mtu ananenepa upande mmoja?"

Kaka, nilishuka pale kwenye mzani. Akaniweka mkono tumboni, juu kidogo ya paja la kulia, pale pale walipoiweka figo yako, akabonyeza. Palikuwa pamejaa na pagumu. Nilikuwa nimepapima kwa futi ya fundi mara tatu na sikuwahi kupashika kwa mkono.

Damu waliyochukua asubuhi ile ilirudi na 205. Kama umesahau, kreatinini ni ile takataka ya damu ambayo figo inapaswa kuichuja. Ikipanda, ujue figo imelemewa. Ulipoondoka ilikuwa 112. Wiki iliyotangulia ilikuwa 138 na wakaniambia ninywe maji zaidi, nikanywa, sikuwaza. Mia mbili na tano wakanilaza siku hiyo hiyo, sikurudi hata kufunga duka. Mama alikwenda kufunga, akasahau pasi ikiwa imechomekwa, akarudi mbio. Duka ni zima, usijali.

Neno lililokuwa kichwani mwangu lilikuwa moja tu: imekataa. Nilijilaza nikakukumbuka ulivyokuwa unatembea kwenye ile korido umejikunja, umeshika ubavu, mkono mwingine unasukuma chuma cha dripu, unakuja kitandani kwangu kuniuliza kama nimekojoa. Siku ya pili tangu wakukate! Mtu mzima umekubali wakufungue ukiwa huumwi chochote, halafu mimi nimekaa wiki tisa tu na kitu chako kimeniharibikia mikononi. Niliona aibu, Kaka. Hofu ilikuwepo, lakini aibu iliizidi.

Ndipo nikamwapisha Mama asikwambie. Hakutaka. Alisema mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia najua, lakini subiri tupate jibu. Kwa hiyo Jumapili mbili ulizopiga simu ukaambiwa niko bafuni naoga, ujue kuoga kwenyewe nilikuwa naogeshwa kwa kitambaa. Mama anasema ulimuuliza kama nimegeuka samaki. Alicheka kwenye simu, akakata, akalia. Yote hayo nilikuwa namtazama.

Asubuhi ya pili akaja daktari wa upasuaji, yule mrefu anayeinama mlangoni, na mashine ya picha. Akanipaka ule utelezi wa baridi, akazungusha, akazungusha. Nilikuwa naangalia uso wake tu. Kisha akageuza kioo tuone. Palikuwa na doa jeusi kubwa kuliko figo yenyewe, limeisukuma figo pembeni kama abiria mnene kwenye benchi.

"Huu ni mfuko wa maji," akasema. "Umeubana mrija unaotoa mkojo kwenye figo kwenda kibofuni. Figo yenyewe inaonekana nzima. Imebanwa tu."

Imebanwa tu! Nilitaka kumbusu mkono wake wenye utelezi. Lakini hakuniruhusu nifurahi. Alisema lazima kwanza wajue ni maji gani. Kama ni mkojo, basi mrija umetoboka mahali walipouunganisha. Kama ni maji ya mwili, ni jambo jingine. Na hata hivyo, akasema, mtu anaweza kuwa na maji na figo ikawa inakataa pia, kwa hiyo tungoje. Wakachoma sindano, wakavuta kidogo, wakapeleka maabara. Tulingoja kuanzia saa nne hadi saa tisa alasiri. Mama alimenya machungwa matano, hakula hata moja.

Yalikuwa maji ya mwili. Alinieleza kwamba wakati wa kupandikiza, wanapotengeneza nafasi kwenye mishipa mikubwa ya damu, wanavikata vijishipa vyembamba sana vinavyosafirisha maji hayo, na vingine huvuja polepole bila kuonekana, wiki baada ya wiki, mpaka mfuko unajaa. Akasema hutokea kwa watu, tena si wachache, na kwamba wao hulitarajia jambo hilo. Nikamuuliza kama ni mimi niliyelisababisha kwa kukanyaga cherehani mapema. Akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akasema hapana mara ya pili, na Mama akanifinya.

Siku hiyo hiyo wakayavuta kwa sindano kubwa, karibu lita nzima. Keshokutwa yake namba ikashuka mpaka 150. Mama akawatangazia wagonjwa wote wa wodi, na wageni wao, na mfagiaji. Lakini hata siku nne hazikutimia, tumbo likajaa tena na namba ikapanda hadi 190. Tulishangilia bao la kuotea, Kaka.

Daktari Mrefu akaja na karatasi na kalamu, akaketi kabisa, jambo ambalo huwa halifanyi. Akanichorea. Watapitia matundu madogo matatu tumboni, wafungue kidirisha kati ya ule mfuko na nafasi ya tumbo, ili maji yawe yanamwagikia humo na mwili uyanywe wenyewe. Akasema na ubaya wake bila kuficha: ule mrija wa mkojo umelala kwenye ukuta wa mfuko, na mkono ukikosea unaweza kuukata. Na kama namba haitashuka hata baada ya kidirisha, basi watachukua kipande kidogo cha figo wakakiangalie, kwa sababu itakuwa tatizo si maji peke yake.

"Na hicho kidirisha kikijifunga?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Ukikiacha hivi hivi kinajifunga. Lazima tushone kingo zake."

"Kama tundu la kifungo."

"Kama nini?"

"Tundu la kifungo, daktari. Ukikata kitambaa usipozungusha uzi kwenye kingo, kinachambuka, siku ya tatu hakuna tundu. Uzi ukaribiane, na usivute sana."

Aliangalia mchoro wake, akaniangalia mimi, akacheka mpaka miwani ikashuka. Akasema kesho yake angenikumbuka akifika kwenye kingo. Nikatia sahihi. Sitakudanganya, ile sahihi inafanana na mshono wa mwanafunzi.

Nilipoingia chumba cha upasuaji safari hii nilikuwa peke yangu. Safari ile tuliingia wote wawili siku moja, wewe mbele, ukanipungia mkono kwa vidole viwili. Nilivikosa vidole hivyo. Nilihesabu taa za juu, nilifika ya nne.

Haya basi. Baada ya kidirisha, siku ya kwanza namba ilikuwa 171. Ya pili, 134. Jana asubuhi, siku ya tatu, Sista Saa alipanda mwenyewe kutoka kliniki na karatasi mkononi, na huyo mama hapandi ngazi kwa ajili ya mtu. Akaniuliza kwanza dawa nimemeza saa ngapi. Nikamwambia saa mbili kamili. Ndipo akaniambia: mia moja na tisa. Chini kuliko ulipoiacha!

Mama alipiga ukelele uliomleta mlinzi wa mlangoni mbio akidhani kuna aliyefariki. Wagonjwa walioweza kukaa wakakaa. Mimi nilikuwa nacheka huku nimeshika mishono, maana kicheko kinauma hapo. Na mkojo, Kaka, mkojo! Lita mbili na robo jana. Mtu aliyekaa miaka mitatu bila kukojoa hata kijiko, wewe ndiye unayeelewa utamu wake. Kila nikitoka msalani Mama ananiuliza ngapi, anasikiliza kama anasikiliza matokeo ya mpira. Tumbo limelala. Mguu umeingia kiatuni. Lile gauni la bluu sasa linaning'inia upande mmoja kama pazia lililokatika kamba, na sitalirekebisha, nitalivaa hivyo hivyo siku ya kutoka.

Kuna jambo nilitaka kujua, na najua hata wewe ungetaka ila usingeuliza. Nikamuuliza Daktari Mrefu: sasa itadumu miaka mingapi? Nikasema aniambie ukweli, mimi si mtoto.

Akaniuliza, "Mteja akikuuliza nguo itadumu miaka mingapi, unamjibuje?"

"Namuuliza ataifuaje."

"Umeshajijibu."

Lakini sikumwachia hapo, nikambana. Akasema figo zilizotoka kwa ndugu aliye hai, nyingi hupita miaka kumi, si haba zinazopita kumi na tano, na zipo zinazovuka ishirini, ila hakuna anayeweza kuniapia. Nikamuuliza kama haya maji na kupasuliwa mara ya pili yamenipunguzia hiyo miaka. Akasema tatizo la upasuaji likiwahiwa na kurekebishwa, kwa kawaida haliigusi miaka ya mbele. Kinachoiua figo polepole ni vidonge vilivyorukwa, presha isiyotazamwa, na mtu anayejiona amepona akaacha kliniki. Sasa namwelewa Sista Saa. Nimemtuma Mama akaninunulia kengele ya mezani, inalia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na ikilia hata kama namkatia mtu kitambaa cha harusi, nitaweka mkasi chini.

Na kitanda cha saba, hapa pembeni yangu, yupo mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekuja kutolewa mawe ya nyongo. Siku tatu tunapiga soga, sijui kitu. Jana aliposikia ukelele wa Mama akaniuliza namba ilikuwa ngapi, akasema ya kwake ni 121. Nikamuuliza ya kwake ipi. Kaka, ana figo ya dada yake! Mwezi wa kwanza mrija ulivuja, akarudishwa kupasuliwa mara mbili, ndugu wakaanza kunong'ona. Ana miaka kumi na tisa nayo sasa. Hiyo figo ina umri wa kupiga kura! Amewafundishia watu hesabu mpaka amestaafu, na anaimeza dawa yake bila hata kutazama saa, mkono unakwenda wenyewe. Nilimwomba nimshike pale juu ya paja ilipolala, akakubali, tukacheka wote.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kungoja Jumapili.

Jana alasiri, baada ya kelele kutulia, nilimwambia Mama kwamba nakuandikia kukuomba msamaha. Kwa kuitia figo yako hatarini, kwa kufumua gauni mara tatu kama kipofu. Mama akaweka kisu chini. Akasema, "Huwezi, nimekatazwa." Nikamuuliza amekatazwa na nani. Akasema asubuhi uliyosafiri, begi liko begani, ulirudi kutoka getini ukamwambia hivi: "Mama, siku ikikataa, usimwache aniombe msamaha. Nilimpa, sikumwazima."

Siku kumi na mbili, Kaka! Siku kumi na mbili nimelala hapa nimeumeza moyo, na Mama ana maneno hayo mfukoni. Nilimfokea kwa nini hakuniambia. Unajua alivyojibu? "Aliniambia nikwambie ikikataa. Haijakataa."

Nilicheka, halafu nikalia mpaka mwalimu akaniletea kanga yake ya kujifutia. Umenipa mara mbili, Kaka, na mara ya pili hata hukunijulisha.

Basi sitakuomba msamaha. Lakini hukumkataza Mama nisikuombe kitu kingine. Leo asubuhi Daktari Mrefu alipokuwa anatoa mishono ya pembeni aliniuliza, "Na kaka yako, majibu yake ya mwisho yalikuwaje?" Wiki kumi na moja nakojoa kwenye kikombe chenye mistari, namba zangu anazijua hata mfagiaji, na sijawahi kukuuliza zako hata mara moja. Alisema ulitakiwa kupimwa wiki ya kumi, na kwamba umeandikiwa karatasi. Mama anasema hiyo karatasi aliiona imekunjwa kwenye kitabu chako cha safari. Nakujua. Utakuwa umewaambia wote kwamba huna tatizo.

Mimi nina moja, nawe una moja. Yangu inatazamwa na watu wazima watano, kengele, na Mama. Yako inatazamwa na nani?

Nenda kapime wiki hii. Damu, mkojo na presha. Usimtume Wifi akasemee, kaa mwenyewe kwenye kiti wakuchome. Halafu uniandikie namba, iwe nzuri iwe mbaya, uiandike kwa tarakimu. Ikiwa nzuri nitapiga ukelele mlinzi aje tena. Ikiwa mbaya nitapanda basi na mishono yangu nije, na hakuna wa kunizuia, kwa sababu aliyetoa hakuwahi kunizuia kitu.

Msalimie sana Wifi, mwambie barua hii aisome yote, hasa hapo juu. Wabusu wanangu, yule mkubwa mwambie sare yake ya shule nitaishona mwenyewe nikifika nyumbani. Mama anakusalimu, anasema ule. Mwalimu wa kitanda cha saba anakusalimu ingawa hakujui. Anasema dada yake naye yu hai na anapima kila mwaka. Mungu akulinde huko uliko, usingizini na kazini, na kwa namna ya pekee ailinde ile moja uliyobaki nayo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa kila nilicho nacho na ulichonipa,

Sindano.